Siad Barre kabla hajawa Siad Barre: alitoka wapi na nchi aliipataje?

KijanaMkomani (Lamu)

Asalaam aleykum wakuu. Nina swali na naomba wenye kujua wanijibu kwa kirefu manake hapa kwetu kila ukiuliza unapewa mwisho wa hadithi peke yake. Kila mtu Lamu anajua habari ya 1991, vyombo vikija kutoka Kismayu na Barawa vimejaa watu, wengine wakashukia Kiunga, wengine Faza, wengine hapa mjini, na watoto wao tumekaa nao mtaa mmoja tumesoma nao chuo kimoja. Kila mtu anajua Siad Barre alikimbia Mogadishu Januari ya mwaka huo. Lakini ukiuliza huyu mtu alianzia wapi, kimya. Barazani mzee mmoja anasema alikua polisi wa kawaida tu, mwengine anasema hapana alikua jenerali wa Warusi, wa tatu akasema siku alipopindua watu walitoka kushangilia, hapo ndio waliposhikana maneno mpaka adhana ikawaamua.

Sasa nataka kujua, alitoka kwa watu gani, alipandaje mpaka akawa mkubwa wa jeshi, na ni kweli alishangiliwa? Somalia ilikua na bunge, ina rais, ina uchaguzi, vyama tele. Inakuaje nchi kama hio inachukuliwa usiku mmoja na asubuhi hakuna hata mtu mmoja anaetoka kuitetea? Hili la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

AmiLangoni

Waaleykum salaam mwanangu. Wale wazee wako wote watatu wamesema kweli, ila kila mmoja ameshika kipande chake. Nimesomesha historia miaka mingi na hii ya majirani zetu haimo kwenye silabasi kabisa, watoto wa Lamu wanajua habari za Napoleon kuliko za mtu aliyewajazia mtaa wakimbizi, jambo hili linaniuma.

Anza na kuzaliwa. Alikuwa wa ukoo wa Marehan, tawi la ukoo mkubwa wa Darod, mtoto wa wafugaji. Mwaka una ubishi, wengine wanasema 1910 na wengine 1919. Hata mahali pana ubishi na ubishi huo una maana yake. Serikali yake ilisema Garbahaarey, kule Gedo, mkoa unaopakana na Mandera yetu. Lakini wengi walioandika maisha yake wanasema alizaliwa Shilavo, ndani ya Ogaden, upande wa Ethiopia, na kwamba alijiita mtu wa Garbahaarey kwa sababu polisi ya Mtaliano ilitaka wazaliwa wa koloni lake. Wazazi wake walikufa akiwa mtoto wa miaka kama kumi. Akasoma kidogo Luuq kisha akateremka Mogadishu. Hebu mfikirie huyo, yatima wa bara, hana mali hana mtu mkubwa wa kumshika mkono. Kwa kijana kama huyo zama zile mlango ulikuwa mmoja, sare.

Akaingia polisi ya kikoloni ya Mtaliano, Zaptié. Mwaka 1941 Waingereza wakapiga kutoka upande huu wetu wa Kenya, wakavuka mto Juba wakachukua Kismayu na Mogadishu, Mtaliano akaondoka. Bwana mmoja akaenda bwana mwengine akaja, na Siad akabaki palepale, safari hii kwa sare ya Mwingereza, na akapanda mpaka inspekta mkuu, ambacho kilikuwa cheo cha juu kabisa alichoweza kupewa Msomali. Mwaka 1950 Umoja wa Mataifa ukamrudisha Mtaliano awe mdhamini kwa miaka kumi, na Siad akapelekwa Italia kwenye chuo cha Carabinieri, polisi wa kijeshi wa Kitaliano. Mimi naona hapa ndipo pa kumjulia huyu mtu. Serikali tatu tofauti zimempitia kichwani na zote tatu zimempandisha. Alijua kumsoma mkubwa. Hakuwa msomi wala mhubiri wala mtu wa siasa za majukwaani, alikuwa mtu wa faili na wa kusikiliza watu wanasema nini, na kazi ya polisi wa kikoloni ilikuwa hiyohiyo, kujua nani kasema nini na nani yuko upande wa nani.

Jeshi la taifa likaundwa 1960, mwaka wa uhuru. Mkuu wake Daud Abdulle Hirsi, naibu wake Siad Barre. Daud akafariki 1965 na Siad akashika nafasi yake. Hapo hapakuwa na njama yoyote, mkubwa kafa na wa pili yake kapanda.

Sasa Warusi. Wasomali waliingia uhuru na nyota ya ncha tano kwenye bendera, kila ncha nchi moja ya Wasomali, mbili zimeshaungana, Somalia ya Mtaliano na ya Mwingereza, tatu bado: Djibouti, Ogaden, na NFD yetu, kaskazini mashariki mwa Kenya. Kwa hivyo walitaka jeshi kubwa. Nchi za Magharibi zikawapa ahadi ndogo kwa kuwaogopea Ethiopia na Kenya, Mrusi mwaka 1963 akatoa msaada wa kama dola milioni 30 akaanza kusomesha maofisa. Polisi yao ikabaki kusaidiwa na Magharibi, jeshi likawa la Mrusi. Siad mwenyewe hakusomeshwa na Mrusi, yeye ni mtu wa Mtaliano na Mwingereza, lakini vijana waliokuwa chini yake ndio waliorudi kutoka Moscow na fikra mpya na hasira nyingi juu ya wanasiasa.

Na hasira ilikuwa ya haki. Mwanangu, ile Somalia ya kwanza si ya kubezwa. Mwaka 1967 rais Aden Abdullah Osman alishindwa kwenye uchaguzi akakubali akaondoka kwa salama, wakati huo Afrika ilikuwa haijazoea kabisa mambo hayo. Lakini uchaguzi wa Machi 1969 uliuharibu kila kitu. Vyama zaidi ya 60, wagombea zaidi ya 1,000, viti 123. Kila ukoo na chama chake. Fedha za serikali zikamwagwa, watu wakauawa, waliolalamika mahakamani hawakusikizwa. SYL, chama kilichokuwa kikitawala, ikashinda, kisha waliokuwa wamechaguliwa kwa vyama vingine wakavuka kwenda SYL kufuata vyeo, wote, bunge likabaki na mpinzani mmoja tu, waziri mkuu wa zamani Abdirizak Haji Hussein. Mmoja! Umeuliza kwa nini hakuna aliyetoka kuitetea. Nani atoke kutetea bunge ambalo limejiuza lenyewe mchana?

Tarehe 15 Oktoba 1969 rais Shermarke alikuwa ziarani Las Anod, kaskazini, akapigwa risasi na mmoja katika polisi wake mwenyewe. Waziri mkuu Egal alikuwa safarini nje akarudi mbio kupanga nani ashike urais. Rais akazikwa. Usiku wa tarehe 20 wabunge wa SYL wakakaa wakakubaliana mtu wao, na watu mjini wakajua ni yaleyale tena. Alfajiri ya 21 jeshi lilikuwa limeshika redio, bunge na nyumba za mawaziri, polisi nao wakaunga mkono, na nchi ikabadilisha mikono bila damu kumwagika. Egal ndani, mawaziri ndani, katiba chini, vyama marufuku.

Na jambo ambalo watu wanalisahau ni hili, asubuhi ile hakuna aliyeambiwa kwamba mtu mmoja kachukua nchi. Wameambiwa ni Baraza Kuu la Mapinduzi, maofisa 25. Jina la Siad lilitangazwa kuwa mwenyekiti siku kadhaa baadaye. Watu walishangilia baraza.

ShebwanaMalindi

Ami maelezo yako nayaheshimu lakini naona umeanza kumhukumu mtu kabla hajafika. Mimi nataka huyu kijana asikie upande wa pili pia. Yule mtu aliikuta nchi haina hata herufi za kuandikia lugha yake, ofisi zinaandika kwa Kitaliano kusini na Kiingereza kaskazini, kwenye vyuo Kiarabu, wanasiasa miaka tisa wanabishana tu herufi gani zitumike. Yeye 1972 akakata, herufi za Kilatini, basi, na wafanyakazi wa serikali wakapewa miezi wajifunze. Halafu 1974 akafunga shule za sekondari akawapeleka wanafunzi kwa maelfu vijijini na malishoni wakawafundishe wafugaji kusoma, kijana wa mjini analala kwenye kibanda cha mfugaji na ubao anabeba mgongoni. Niambieni nchi gani hapa kwetu imefanya hivyo?

Akakataza ukabila, marufuku hata kumuuliza mtu ukoo wake. Ukame wa 1974 na 1975 ule walioita Dabadheer akawachukua wafugaji waliopoteza mifugo yote akawapeleka kusini kwenye mashamba na uvuvi. Mwaka 1974 Mogadishu ikawa mwenyeji wa mkutano wa OAU, umoja wa nchi za Afrika. Mimi sisemi alikua malaika, nasema watu walishangilia kwa sababu walikua na haki ya kushangilia na miaka ile ya mwanzo wengi hawakujuta. Mambo yaliharibika baada ya vita vya kuigombania Ogaden na Ethiopia 1977 pale Mrusi alipomgeuka akaenda kwa Ethiopia. Kabla ya hapo tuwe waadilifu.

BintiBarawa (Malindi)

Salaam kwenu nyote. Kaka Shebwana nakusoma na nakuelewa lakini niruhusu niseme kidogo manake sisi ni watu wa Barawa na babangu aliyaona hayo kwa macho yake akiwa kijana.

Ni kweli walishangilia, na babangu alikua mmoja wao, hajawahi kuficha. Alikua karani kwenye ofisi ya serikali, anaandika Kitaliano, nyumbani tunasema Chimiini ambacho ni Kiswahili chetu cha Barawa, msikitini Kiarabu. Anasema redio ilikua inapiga muziki wa kijeshi tu asubuhi nzima, hakuna habari hakuna Qur'ani kama kawaida, na watu wamekaa nje ya maduka ya washona makubadhi wanaingoja iseme. Iliposema kua wanasiasa wamekamatwa watu wakakumbatiana. Kwa watu wa Barawa ilikua na maana ya zaidi, sisi ni wachache, kwenye ile kura ya koo hatuna ukoo mkubwa wa kutubeba, kwa hivyo mtu akikuambia ukabila umekufa wewe mdogo ndio wa kwanza kufurahi.

Hizo herufi unazozisifu babangu alizisomea. Kila mtu ofisini alipewa mtihani na ukifeli kazi huna. Alikua na daftari la mistari, kurasa za mwanzo amejaza jina lake na majina ya ndugu zake, Axmed, Cali, Maxamed, c ni ain na x ni ha. Alipasi na alijivuna. Na mimi sikatai kua ni jambo kubwa kwa Wasomali. Lakini hakuna aliyeuliza Chimiini na Kibajuni vitakua wapi. Lugha ikawa moja, shule moja, historia moja, na babangu anasema kidogo kidogo ukisema Chimiini ofisini unatizamwa kama mgeni ndani ya mji uliozaliwa wewe na babu zako. Hao wafugaji wa ukame unaowataja wengine waliletwa Barawa kwetu kufanywa wavuvi, watu ambao bahari hawajawahi kuiona, masikini wa Mungu si makosa yao, lakini mji haukuulizwa.

Na unaposema kabla ya Ogaden hakukua na shida, kaka yangu, Januari 1975 ilikua kabla ya Ogaden. Alitangaza sheria ya familia, mirathi mwanamke na mwanamume sawa, masheikh wakasimama misikitini Mogadishu wakasema hii inapingana na aya. Masheikh kumi wakauawa kwa risasi mwezi huohuo. Kumi, kwa kusema msikitini. Babangu anasema baada ya siku hio hata mtu akikusalimia unafikiria kwanza kabla ya kuitika. Nyumbani kwetu hawahesabu kutoka Ogaden, wanahesabu kutoka siku ile.

KijanaMkomani (Lamu)

Shukran sana ami, na dada Binti Mungu amhifadhi mzee. Sasa nimeelewa walishangilia baraza la watu 25. Ikawaje likabaki jina moja? Wale wengine 24 walienda wapi? Na yule polisi wa Las Anod alitumwa au vipi, manake barazani wanasema jeshi ndilo lililomtuma.

AmiLangoni

La Las Anod nikujibu kwa ufupi. Muuaji alikamatwa palepale, na sababu inayotajwa sana ni kinyongo cha ukoo kilichotokana na ule uchaguzi. Habari ya kutumwa na jeshi inasemwa sana barazani lakini mimi siwezi kukupa neno la barazani nikaliita historia. Waliopanga mapinduzi walikuwa wameshachoka na serikali kabla ya risasi ile, kifo cha rais kikawapa wiki moja ambayo nchi haina kichwa.

Swali la wale 24 ndilo la kukaa nalo. Siad alipokaa kwenye kile kiti hakuwa na nguvu kuliko wenzake, alikuwa na ukubwa tu. Alikuwa mkubwa kwa umri na cheo, na maofisa vijana walihitaji mtu mzima wa kuwekwa mbele ambaye jeshi zima linamjua. Wengi wanaamini kwamba mpangaji hasa wa mapinduzi alikuwa jenerali Salaad Gabeyre Kediye kuliko yeye. Kwa hivyo angalia alivyofanya, hakukurupuka.

Wa kwanza alikuwa Jama Ali Korshel, mkuu wa polisi, makamu mwenyekiti. Huyu ndiye aliyewaleta polisi upande wa mapinduzi, bila yeye pengine asubuhi ile ingekuwa na damu. Na polisi ndilo jeshi la pili, lililofunzwa na Magharibi, ndilo peke yake lingeweza kulisimamisha jeshi la Mrusi. Aprili 1970, miezi sita tu, Korshel akakamatwa kwa tuhuma za kupanga kuipindua serikali. Polisi ikabaki bila mtu wake.

Kisha Septemba 1970 ikaja Sheria namba 54 ya usalama wa taifa, mlolongo wa makosa na mengi adhabu yake ni kifo, maneno yenyewe mapana kiasi kwamba chochote kinaingia. Ikaundwa mahakama ya usalama pembeni na mahakama za kawaida, na idara ya usalama NSS ambayo alipewa mkwewe, mume wa bintiye, Ahmed Suleiman. Hapo ndipo utaona yule inspekta wa zamani amerudi kazini. Kaka Shebwana anasema ukabila ulipigwa marufuku na ni kweli ulipigwa marufuku mdomoni, lakini watu wa Mogadishu walikuwa wakinong'onezana herufi tatu, M-O-D, yaani koo tatu, Marehan wa babake, Ogaden wa mamake, Dhulbahante wa huyo mkwe wake. Aliyekatazwa kuutaja ukoo ni mwananchi.

Oktoba 1970, mwaka mmoja kamili, akatangaza ujamaa wa kisayansi. Mei 1971 wakakamatwa Salaad Gabeyre na Mohamed Ainanshe, huyu Ainanshe naye alikuwa makamu, pamoja na ofisa Abdulkadir Dhel. Tarehe 3 Julai 1972 wote watatu wakapigwa risasi hadharani Mogadishu, watu wamekusanyika wanaangalia. Anayesemwa kuwa ndiye aliyeyapanga mapinduzi akauawa kwa jina la mapinduzi, haijafika hata miaka mitatu. Miezi mitatu baadaye, kwenye sherehe za 21 Oktoba 1972, yakatangazwa yale maandishi ya Kisomali. Kwa hivyo kaka Shebwana, hizi habari mbili zako na zangu ni za mwaka mmoja, na mtu wa wakati ule alizipokea pamoja, daftari jipya mkononi na risasi tatu masikioni. Picha zake zikatundikwa sambamba na za Marx na Lenin, wakaanza kumwita baba wa taifa.

Ukitaka kumlinganisha, Idi Amin alipita njia iliyofanana mwanzo, KAR, jeshi la kikoloni la Mwingereza hapa Afrika Mashariki, kutoka chini kabisa mpaka mkuu wa jeshi, na Januari 1971 naye Kampala wakamshangilia. Ila Amin alikuwa mtu wa papo kwa papo. Huyu wetu wa kaskazini alikuwa na subira, na subira ndiyo iliyompa miaka 21.

MbajuniWaKiunga

salaam aleykum wote, mimi naongeza kitu kimoja ambacho ami kakigusa akapita. NFD. sisi watu wa bara ya Lamu hii si siasa ya vitabuni, ile vita ya shifta, ya waliotaka NFD iungane na Somalia, 1963 mpaka 1967, ndio iliyovifuta vijiji vyetu, Ishakani, Mvundeni, Rubu, watu waliacha minazi imesimama na misikiti ya mawe wakakimbilia Faza na Kizingitini na Lamu na wengi hawajarudi mpaka leo. sasa ile vita ilisimama kwa sababu gani? kwa sababu Egal, huyohuyo waziri mkuu aliepinduliwa, alikubali kukaa na Kenya, rais Kaunda wa Zambia akawapatanisha, wakatia sahihi Arusha Oktoba 1967. kwetu sisi Egal alileta usalama, lakini Mogadishu wako waliomwona kauza ndugu zao, na jeshini haswa, manake jeshi lilijengwa kwa ajili ya hizo ncha tatu za nyota halafu mwanasiasa anaambia jeshi kaa kitako. Ami nakuomba hili uliweke kwenye hesabu ya 1969 pamoja na rushwa na uchaguzi, lina uzito wake.

na jambo la pili, sisi Wabajuni tumekatwa na mpaka. Kismayu na Jubaland yote ilikua chini ya Mwingereza mpaka 1925 akamzawadia Mtaliano, kwa hivyo mtu wa Chula na Chovai na Koyama akaamka ni wa Mtaliano na nduguye wa Kiunga ni wa Mwingereza, na bahari ni ileile mtego ni uleule. kwa hivyo mapinduzi yale tuliyapata kwa jamaa zetu wanaokuja na mashua, na nyanya yangu alikua akisema mwanzoni wageni wale walikua wakija wamejaa sifa, Siad kafanya hivi Siad kafanya vile, halafu miaka ikaenda wakawa wakija wanazungumza habari za samaki peke yake. ukiwauliza habari ya serikali wanakwambia samaki.

Januari 1991 ilikua kaskazi imeshika, upepo wa kuteremka huku, vyombo vilishushwa na upepo wenyewe, mashua ya kubeba wavuvi kumi imebeba watu hawahesabiki, maji yameishiwa siku ya pili. waliofika tuliwapokea. sio wote waliofika.

ShebwanaMalindi

Bwana Kiunga Mungu awarehemu waliokwenda. Sisi Malindi tunaikumbuka kambi ya Marafa ile ya wakimbizi wa Kisomali miaka ya tisini, kuna mzee pale alikua mwalimu na aliwahi kuenda malishoni kusomesha wafugaji akiwa mwanafunzi, yeye ndie aliyenisimulia hayo niliyoandika, na alisimulia huku anafurahi hata akiwa ndani ya hema. Ndio maana siwezi kukubali iandikwe kua hakukua na kitu. Dada Binti la masheikh sina jibu lake na sitalitafutia jibu. Lakini mzee yule ile kazi ya kusomesha aliifanya yeye na wenzake kwa miguu yao, na mimi naona ni haki yao ihesabiwe kua yao, isipewe Siad wala isizikwe na Siad.

Ami nauliza, hao vijana waliorudi Moscow na fikra walipoona Gabeyre na Ainanshe wanauawa hawakusema kitu?

AmiLangoni

Kwa mzee wako wa Marafa nakubaliana na wewe neno kwa neno, na naomba kama yuko hai mtu akamrekodi.

Waliosema walikwenda jela, na wengi hawakusema kwa sababu kila mmoja alikuwa na cheo cha kupoteza. Baraza lenyewe likaendelea kukaa likawa la kupitisha, mpaka 1976 likavunjwa rasmi kikaundwa chama kimoja, na katibu mkuu wake ni nani, ni Siad. Waliojaribu kweli walijaribu Aprili 1978 baada ya kushindwa Ogaden, maofisa wengi wao wa ukoo wa Majerteen, wakashindwa, wakauawa, waliopona wakakimbilia Ethiopia wakaanzisha upinzani wa bunduki. Na hilo la Egal na Arusha, Mbajuni, nimelipokea, nilipaswa kulipa nafasi yake na wewe umelieleza vizuri kuliko ambavyo ningelieleza. Egal alikaa jela kwa miaka mingi ya utawala ule. Alipotoka na Siad akaanguka, akaja kuwa rais wa Somaliland 1993.